"Samehe, Yaishe": Yaishe Kabla Hayajasemwa?

Msimu wa korosho uliopita, katika parokia moja wilayani Masasi, mweka hazina wa kwaya alisemwa kwamba amekula michango ya sare. Waliomsema ni wanakwaya wenzake, na maneno yalizunguka wiki tatu kabla ya kumfikia mwenyewe. Daftari lilipokaguliwa, fedha yote ilionekana: fundi cherehani alikwishalipwa, na risiti ipo. Wazee wa kanisa wakamwita, wakamwambia, "Mama, samehe, yaishe." Akawauliza, "Yaishe, na hayajasemwa?"

Wapo walioona kwamba alipaswa kunyamaza, na hoja yao ina uzito. Paulo aliwauliza Wakorintho kwa nini wasikubali kudhulumiwa kuliko kushtakiana mbele ya wasioamini. Sisi nasi tunaishi ukuta kwa ukuta na majirani Waislamu. Ugomvi wa kwaya unafika sokoni kabla jua halijazama. Nimeona pia mtu akidai haki yake kwa kurekodi sauti na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Alipomaliza, alikuwa amewajeruhi wengi kuliko waliomjeruhi yeye.

Hata hivyo, swali la yule mama ni la Kimaandiko kuliko jibu la wazee. "Saba mara sabini" tunaijua sote. Iko katika Mathayo 18, mstari wa 22. Mstari wa 15 umetangulia: ndugu yako akikukosa, nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Petro aliuliza asamehe mara ngapi akiwa ameshalisikia agizo hilo. Sisi tunaruka mistari saba, kisha tunamshangaa aliyekosewa kwa kuwa bado ana uchungu.

Ninalolihofia zaidi ni hili: anayenyamazishwa kanisani hagombani na mtu, anahama. Kwanza anakosa mazoezi, anasema shamba limeota majani. Kisha Jumapili moja haonekani, na ya pili, na baadaye unasikia anasali kwingine. Hakuna anayemfuata, maana alishasema amesamehe na hana neno na mtu. Watoto wake wanaacha shule ya Jumapili waliyoizoea, wasijue kisa. Siku akifiwa, jumuiya yake ya zamani inafika na kukaa pembeni, kila mtu akimtazama mwenzake, nani achote maji, nani ashike sufuria. Nimekaa kwenye msiba wa namna hiyo. Mtunzi wa Zaburi ya 55 alilia kilio hiki: angekuwa adui, ningevumilia, lakini ni wewe, rafiki yangu, tuliyekwenda pamoja nyumbani mwa Mungu.

Wala kusema ukweli bila kuvunja undugu si jambo geni Kusini. Mtani anasimama msibani, mbele ya wafiwa, anautaja ubahili wa marehemu, na bado anakula nao. Hata Paulo alipomwona Petro akijitenga na wasio Wayahudi kule Antiokia, alimkemea mbele ya watu wote. Na katika Waraka wa Pili wa Petro, Paulo huyo anaitwa "ndugu yetu mpenzi". Neema haikuwazuia kuambiana.

Kipigo cha nyumbani au mtoto aliyedhuriwa ni jambo jingine. Hapo hakuna "wewe na yeye peke yenu"; ni polisi, dawati la jinsia na watoto, siku hiyo hiyo.

Yule mama wa kwaya alikwenda kwa mmoja wa waliomsema. Alinisimulia mwenyewe: ilikuwa jioni, daftari amelifunga ndani ya kanga, hakuchukua shahidi. Wakakaa mkekani, akamfunulia mwenzake ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akamwambia, "Nimekusamehe kabla sijatoka kwangu. Ila ulisema mbele ya watu."

Kwenye mazoezi yaliyofuata, mwenzake alisimama mbele ya kwaya, akasema alimzulia. Sauti ilimkauka katikati, akamalizia kwa shida. Mama hakuurudia uweka hazina, na kwa maoni yangu hakukosea, kwa sababu msamaha haukumdai arudi kushika fedha za watu waliomshuku. Daftari analo mwingine. Yeye anaimba sauti ya pili kama zamani, na anayesimama ubavuni mwake ni yule yule.