Shamba darasa lilizaliwa kwenye majaruba ya Java

Wakulima wengi wa Kenya, Tanzania na Uganda waliopitia shamba darasa, yaani mafunzo ambayo kundi la wakulima hujifunza shambani kwa kutazama na kuamua wenyewe, hawajaambiwa lilikotoka. Lilianza mwaka 1989 katika vijiji vya mpunga vya kisiwa cha Java, Indonesia. Naona ni haki vijiji hivyo vielezwe, maana tusipojua kilichowafika wakulima wale, tutaendelea kuendesha shamba darasa ambalo wao wenyewe wasingelitambua.

Ukikitazama kijiji cha Java kwa mbali, nyumba huzioni. Unaona miti tu: minazi, migomba, mipapai, mifenesi na mianzi, imesongamana katikati ya majaruba, yaani mashamba ya mpunga yanayojazwa maji. Nyumba zimo humo ndani kivulini, na kila moja ina kiunga chake, wenyewe wakikiita pekarangan, ambamo mihogo, pilipili na tangawizi hugombea nafasi na kuku wanachakura chini. Ukitoka kwenye miti unakutana na maji. Penye miteremko ya milima ya volkano kama Merapi, majaruba yamepangwa kwa ngazi, maji yakishuka kutoka moja hadi jingine. Wa juu akiziba, wa chini anakaukiwa, kwa hiyo majirani hawana budi kukaa na kupatana. Majivu ya volkano yamewapa udongo wenye rutuba kubwa, na penye maji ya uhakika huvuna mara mbili, wengine mara tatu kwa mwaka. Merapi hiyohiyo ililipuka mwaka 2010 na kuua zaidi ya watu 300.

Tatizo lao ni ardhi. Java ina watu zaidi ya milioni 150 kwenye eneo lisilozidi sehemu moja ya saba ya Tanzania. Mkulima mwenye chini ya nusu hekta huitwa petani gurem, na hao ndio wengi. Wengine hawana hata hicho: hulima cha mwenzao kwa kugawana mavuno nusu kwa nusu, au hufanya kibarua.

Zamani mavuno yalikuwa ngao ya hao wasio na kitu. Wanawake waliingia shambani na ani-ani, kisu kidogo kinachofichika kiganjani, wakikata suke mojamoja, na kila mvunaji aliondoka na fungu lake. Kumzuia jirani asije kuvuna ilikuwa aibu. Miaka ya 1960 na 1970 serikali ikaleta mbegu mpya, fupi, zenye kuzaa sana. Hizo zilikatwa kwa mundu. Wafanyabiashara wakaanza kununua mpunga ukiwa bado shambani na kuja na wavunaji wao. Mashine za kukoboa nazo zikaondoa kazi ya kutwanga, iliyokuwa riziki ya wanawake wengi maskini. Indonesia ilijitosheleza kwa mchele mwaka 1984, na ni jambo la kuheshimiwa kwa nchi iliyokuwa ikiagiza mchele mwingi kutoka nje. Lakini anayeisimulia habari hiyo kwa tani peke yake amewaruka wanawake hao, na mimi sikubaliani na usimulizi wa namna hiyo.

Pamoja na mbegu zilikuja dawa. Serikali ilibeba sehemu kubwa ya bei ya viuatilifu, na mkulima aliagizwa apulize kwa ratiba, mdudu awepo asiwepo. Hapo ndipo wereng alipochachamaa.

Wereng ni mdudu wa rangi ya kahawia, mdogo kuliko punje ya mchele. Hukaa chini kabisa ya shina, karibu na maji, akifyonza utomvu. Mkulima anayetazama majani tu akiwa amesimama kwenye tuta hamwoni. Anachokuja kuona, muda ukiwa umeshapita, ni duara la mpunga uliogeuka manjano kisha kahawia, kana kwamba umebabuliwa na moto. Wereng hutaga mayai ndani ya ala ya jani, yaani sehemu ya jani inayokumbatia shina, ambako dawa haiyafikii vizuri. Dawa inawaua buibui na wadudu wengine wanaomla; mayai yanaanguliwa, na watoto wanatoka wakiwa hawana adui. Kila mpulizo uliwaongeza. Wakulima walifilisika huku wakitii kila agizo.

Wataalamu wa Indonesia waliokuwa wameliona hilo mashambani walisikilizwa hatimaye. Novemba 1986 Rais Suharto alipiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga, na ruzuku ya dawa ikaondolewa hatua kwa hatua. Sasa watu waliozoeshwa kutii ratiba ilibidi wajifunze kuamua wenyewe. Ndipo likaja shamba darasa.

Kundi la wakulima kama 25 lilikutana mara moja kwa wiki, msimu mzima. Asubuhi waliingia majini kwa vikundi vidogo, wakainama, wakafunua mashina, wakakusanya wadudu. Kisha walikaa kivulini na karatasi kubwa, wakachora mpunga katikati, wadudu waharibifu upande mmoja, na buibui na maadui wengine upande wa pili. Wakabishana: wiki hii tupulize au tuache? Mwezeshaji hakuruhusiwa kutoa jibu. Akiulizwa mdudu huyu anakula nini, alirudisha swali, na wakulima wakamfungia buibui na wereng pamoja kwenye chombo wajionee. Katika miaka kumi ya kwanza zaidi ya wakulima milioni moja walipitia mafunzo hayo.

Miaka ya 1990 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliuleta mtindo huu Afrika Mashariki, ukafika maeneo kama Busia, Bukoba na Soroti, ukahamia kwenye mahindi, migomba na hata mifugo. Umesaidia watu wengi. Kinachoniuma ni kuona mahali pengine bango la shamba darasa limesimama, na chini yake mtaalamu anahutubia huku wakulima wameketi wakiandika majina ya dawa, na siku moja ikiisha mafunzo yamekwisha. Viwavijeshi vamizi vilipoingia kwetu kuanzia 2016, wakulima wengi waliambiwa wapulize kabla hawajafundishwa kufunua majani ya mhindi na kuhesabu mayai. Hilo ndilo kosa walilotendewa wakulima wa Java.

Java nako elimu hiyo haikulindwa. Fedha za mafunzo zilipopungua na maduka ya dawa kuongezeka, mashambulizi makubwa ya wereng yalirudi kati ya 2009 na 2011. Vijana wa vijijini walikuwa wamekwenda viwandani na mijini, na waliobaki mashambani wengi ni watu wazima.

Najua hoja inayotolewa dhidi ya shamba darasa la kweli: ni ghali, linachukua msimu mzima kwa wakulima wachache, ilhali ujumbe wa simu unawafikia maelfu kwa siku moja. Simu itumike kutangaza mvua na bei. Kufunua shina na kuamua hakufundishwi kwa ujumbe, na bajeti ya ugani ya halmashauri zetu inapaswa kutenga fedha za mwezeshaji anayerudi shamba lilelile kila wiki, kuanzia kupanda hadi kuvuna.