Kliniki moja kwa wote, na swali la mwenza

Februari 2017 Wizara ya Afya ilitangaza kuvizuia vituo 40 vilivyokuwa vikihudumia makundi maalumu visitoe tena huduma za UKIMWI. Tangu hapo hoja ni ileile: dawa zipo katika kila CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, ya serikali, tena bure, sasa wanaume wanaopenda wanaume wenzao watafutiwe mlango wao kwa nini? Hapa Tanga utaisikia kwa watu wema kabisa, wauguzi wakiwemo. Ina uzito. Kituo cha pekee hujulikana mtaani upesi, na anayeonekana akiingia ameshasemwa. Halafu hutegemea wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, huduma za aina hiyo ziliyumba mapema.

Ila wanaosema hivyo wanatazama dirisha la dawa tu, na mtu hukwama kabla hajalifikia. CTC ya kawaida imepangwa kwa ajili ya familia. Mshauri akifungua faili huuliza: mwenza wako amepima? Mlete. Ni swali zuri, limewaokoa wake na watoto wengi. Kwa mwanamume huyu, kulijibu kweli ni kukiri kosa ambalo Kanuni ya Adhabu imeliwekea kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Basi anabuni mke. Tarehe ya kwanza mke yuko Lushoto kwa wazazi wake. Ya pili anauguza. Ya tatu mshauri, kwa nia njema kabisa, anamwambia safari ijayo usije peke yako. Harudi. Daftarini ataandikwa mtoro, na kikao kitajadili namna ya kuwaelimisha watoro umuhimu wa dawa, wakati huyu umuhimu wake anaujua vizuri sana.

Wengine hawatoroki, wanahama. Mkazi wa Ngamiani anapanda gari kwenda kuchukua dawa Muheza au Pangani, kwa sababu kwenye benchi la karibu na kwao hakosi kukutana na shemeji au mwalimu wake wa chuoni. Siku nauli ikikosekana, dawa nazo zinakosekana.

Na dozi zinazokosekana hazimdhuru yeye peke yake. Utafiti wa PARTNER2 uliofanyika Ulaya na kuchapishwa 2019 ulifuatilia wanaume 782 wenye VVU pamoja na wapenzi wao wa kiume wasio navyo, virusi vya hao wenye VVU vikiwa vimefubazwa kwa dawa. Walikutana kimwili bila kondomu zaidi ya mara 76,000. Wapenzi 15 walipata maambukizi, lakini virusi vilipopimwa vinasaba ikaonekana hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake huyo; walivitoa kwingine. Sufuri. Anayejali afya ya mji mzima, hata kama moyoni hawakubali watu hawa, aitafakari sufuri hiyo. Inapatikana kwa kumeza kidonge kila siku, na kidonge humezwa na aliyerudi kukichukua. Swali moja mezani linalomfukuza mtu linaivuruga.

Siku hizi mgonjwa aliyetulia hupewa dawa za miezi 3, hata 6, na wapo wanaoona hilo limemaliza mambo. Limepunguza, nakubali: benchi mara mbili kwa mwaka si sawa na mara 12. Lakini chupa kubwa inahitaji pa kukaa. Kijana aliyepanga chumba na wenzake anaijaza pamba ili isicheze vidonge anapoibeba, au anavihamishia kwenye chupa ya vitamini. Miezi 6 hana wa kumweleza kwamba ameanza kuruka dozi. Katika vituo vile vilivyozuiwa alikuwapo mwelimishaji rika, mtu wa hali yake, anayepiga simu jioni kumuuliza umekula, umemeza?

Kwa hiyo hata tukibaki na kliniki moja, na kwa hali ya fedha huenda tukabaki nayo, isibaki hivi ilivyo. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya mgonjwa na kukataza kumbagua, kwa hiyo msingi upo. Mshauri aulize kama kuna mtu angependa apimwe, aishie hapo, asidai jina wala ndoa. Mgonjwa apewe vipimo vya kujipima ampelekee amtakaye. Kliniki ifunguliwe jioni moja kwa wiki kwa mwanamume yeyote, mvuvi na dereva wa bodaboda nao, pasiwe na anayejua nani kaja kwa sababu gani. Na waelimishaji rika waajiriwe na halmashauri, walipwe kama wahudumu wengine wa afya ya jamii.