Korona na biashara ya nguo Goma: nini kilibadilika kweli?

Tangu korona ipite, husemwa mara nyingi kwamba janga lile lilimzoesha mnunuzi kununua nguo kwa simu na kumwachisha matumizi yasiyo ya lazima. Kwa nchi zenye maduka makubwa dai hilo lina msingi: Juni 2020 Inditex, kampuni mama ya Zara, ilitangaza kufunga maduka kati ya 1,000 na 1,200 na kuelekeza nguvu kwenye mauzo ya intaneti. Kwa Goma, mji wa Kongo ulio mpakani na Rwanda, naona ni nusu ya ukweli tu.

Hapa nguo mpya hununuliwa kwa ajili ya siku maalumu. Mgonjwa wa kwanza wa Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, siku mbili tu baada ya wanawake kuvaa vikwembe (vitenge) vya 8 Machi, Siku ya Wanawake. Kabla ya mwezi kwisha, shule na makanisa yalikuwa yamefungwa na hali ya dharura imetangazwa. Harusi ziliahirishwa, Pasaka ya 12 Aprili ikapita bila nguo za Pasaka, na mwaka wa masomo, ambao huanza Septemba, ukasogezwa hadi 12 Oktoba pamoja na msimu wa mafundi wanaoshona sare za wanafunzi. Barakoa za kitambaa ziliwapa baadhi yao riziki, lakini bei yake haikaribii ya rinda la harusi. Mnunuzi, basi, hakuwa amebadili tabia. Alikosa pa kuvalia, na sherehe ziliporudi naye alirudi.

Hata hivyo, simu ilisaidia kweli. Mama mwenye vikwembe aliweza kuweka picha WhatsApp, kulipwa kwa M-Pesa au Airtel Money na kumkabidhi mwendesha pikipiki mzigo, bila kulipia kibanda. Tatizo ni kwamba mteja, ambaye sokoni hukisugua kitambaa kwa vidole na kukigeuza aone kama rangi imepenya upande wa pili, alibaki kuomba picha ya ukingo ili asome jina la Vlisco, kampuni ya Uholanzi inayotengeneza vikwembe vya hali ya juu, na hata maandishi hayo huigwa. Kwa hiyo simu ilimfaa zaidi muuzaji aliyeaminiwa tangu kabla ya janga. Anayeanza hakuwa na cha kuonyesha ila picha.

Pigo ambalo wachambuzi hulitaja kidogo lilitoka mipakani. Rwanda na Uganda zilizuia wasafiri lakini zikaruhusu mizigo, jambo lililomnufaisha mwenye lori. Muuzaji mdogo wa mitumba, aliyezoea kupanda basi hadi Kampala na kupekua mwenyewe shati moja moja katika soko la Owino, ilimbidi achange fedha na wenzake na kumwachia wakala achague. Gharama ya usafiri ilipungua, nakubali. Lakini wakala hajui kwamba wateja wa Goma, mji wa baridi za jioni, wanataka sweta na jaketi kuliko fulana, na nguo zisizouzika zilikula mtaji wa muuzaji huyo, si wa wakala.