Simu ya kuuliza kama nimekunywa maji

Jumanne iliyopita joto lilipanda hapa Gent, Ubelgiji, mpaka mbwa wa jirani akagoma kutoka nje. Saa nne asubuhi simu ikalia, namba ya kituo cha afya cha kartiye, mtaani kwangu. Niliinuka nikaipokea nimesimama, kama mtu yeyote wa Bukavu anavyopokea simu ya hospitali. Kumbe ni muuguzi wangu. Glasi ngapi za maji tangu uamke? Mbili. Ongeza. Chumvi usiipunguze kwenye chakula wiki hii. Mikono ikitetemeka kuliko kawaida, tumbo likiharisha, au ukitembea unayumba, usingoje kesho, tupigie. Akaaga. Hata dakika tatu hazikuisha.

Nilicheka. Halafu nikiwa bado naosha glasi hasira ikanipanda, na haikuwa hasira juu yake.

Kwa wasionijua: mimi ni mgonjwa wa kichwa, nimeandikwa hivyo na daktari, bipolar, ule wa kupanda mno halafu kuzama, na mwaka wa pili huu natumia litiamu. Litiamu ni aina ya chumvi. Ukitoka jasho jingi na hunywi maji, figo zinaishikilia badala ya kuitoa, inapanda kwenye damu, na dawa iliyokuwa inakutuliza inageuka sumu. Ndiyo sababu ya ile simu. Damu yangu hupimwa masaa 12 baada ya kidonge cha mwisho, na namba wanayoitafuta kwangu ni kati ya 0.6 na 0.8, ikipita 1.5 ni hatari. Ibuprofeni, ile tunayonunua kibandani kama peremende kila mgongo ukiuma, kwangu marufuku, maana nayo inaipandisha. Sijasoma udaktari. Haya nayajua kwa sababu mwanamke mmoja mwenye viatu vya plastiki, huyo huyo muuguzi wa simu, alikaa nami saa moja kila wiki, tangu juma lile nililopewa jina la ugonjwa, akanieleza. Alinikataza hata kumwita dokta. Kwetu kila mwenye bluzi nyeupe ni dokta, pamoja na anayefagia maabara.

Siku ya kwanza walinitafutia mkalimani kwa simu, kwa kuwa Kiholanzi changu kilikuwa cha kununulia mkate tu. Akapatikana mama mmoja, kwa sauti yake ni wa pwani. Akaniambia nina ugonjwa wa hisia mseto, kumbe ndiyo bipolar kwa Kiswahili chao. Nikamwambia mama, mimi sina shida ya hisia, mimi silali. Akasema "naam". Tukabaki hivyo, Waswahili wawili tusioelewana, Mzungu katikati anatutazama. Mwishowe muuguzi akamshukuru, akakata simu, tukaendelea kwa Kifaransa chake cha shuleni. Akachukua karatasi akachora mstari unaopanda na kushuka, kama ziwa letu siku ya upepo, akanipa kalamu: weka miaka yako hapa.

Nikaweka. Juu kabisa kulikuwa na mwaka ule niliotuma nyumbani kodi ya miezi mitatu yote ili wanunue parsele, kiwanja cha kujenga, kule Panzi, Bukavu. Nilikuwa nawapigia saa nane za usiku kuwaeleza ramani ya nyumba: ghorofa mbili, kisima, chumba cha wageni kwa ajili ya askofu. Siku nne sikufumba macho. Nyumbani walifanya nini? Walifunga na kunishukuria Mungu. Dada wa Ulaya akituma pesa nyingi, nani ataita huo ugonjwa? Huo ni ushuhuda wa Jumapili.

Sasa kwenye friji yangu kuna karatasi ya dalili zangu kwa maneno yangu mwenyewe. Nikilala masaa manne na sichoki. Nikianza tena habari za parsele. Chini yake jina la mtu wa kunistua, na hapo nimemwandika mdogo wangu wa Bukavu. Nilipomweleza kwamba nikituma pesa kupita kawaida anipigie aniulize nimelala masaa mangapi, alinyamaza kidogo.

"Yaya, huo ugonjwa wa kutuma si utuachie tu?"

Ana haki ya kutania, kwa sababu yeye alinitangulia.

Alikuwa na miaka 21, mwanafunzi, akaanza kusikia watu wanamsema ndani ya redio iliyozimwa. Tulimpeleka kwenye kituo kimoja cha afya, sikitaji. Wakamchoma sindano, wakaandika ordonansi: haloperidoli, asubuhi na jioni. Mama akauliza ni ugonjwa gani. "Mumupe dawa, atatulia." Ndilo jibu zima. Siku ya tatu tukiwa tunakula, shingo ya kijana ikaanza kugeuka upande, polepole, kama mtu anayetazamishwa nyuma na mkono usioonekana. Taya likakaza na ugali bado mdomoni. Macho yakapanda juu, tukabaki tunaona weupe mtupu. Shangazi akapiga ukelele: "Hii haiko ugonjwa ya hospitali! Muone shingo!" Jirani aliyeingia kwa kelele akasema karuho, ile sumu ya kulishwa, wamemtilia. Kabla ya giza vidonge vilikuwa chooni, na mdogo wangu alikuwa njiani kwenda chumba cha maombi. Alivyokaa huko siandiki. Mnajua wanavyokalishwa, na mnyororo.

Miaka imepita. Hapa Gent, juma la tano, tulikuwa kundi la watu saba kwenye chumba chenye harufu ya kahawa, na kijana mmoja mgeni alikuwa ndiyo kwanza ameanza dawa ile ile. Muuguzi akamwambia, kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba kesho kutanyesha: siku za mwanzo, hasa kwa wanaume vijana, misuli ya shingo na macho inaweza kukaza. Inatisha. Ina dawa yake, ukija tunakuchoma sindano na inaachia upesi.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi nikalia mpaka akanifuata. Alidhani ni litiamu.

Sentensi tatu. Mama yangu hakupewa hata moja.

Najua sasa hivi kuna mtu ameshaanza kuandika: ohoo, jana tu alikuwa anashuka Kadutu na beseni kichwani, leo anatufundisha hospitali. Andika, ndugu yangu. Beseni hilo nililibeba kweli na sioni aibu. Na mwingine: tuletee dawa kwanza, maneno tutayaleta wenyewe. Huyu namheshimu zaidi, kwa sababu ana haki. Tangu Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu, nyinyi mlioko huko ndio mnaishi kilichotokea, mimi naangalia kwenye simu. Najua enfirmie, muuguzi wa kituo, ndiye anayezalisha, anashona kidonda, anapima malaria, na mshahara ni hadithi. Sikatai hata moja. Lakini dawa ile mdogo wangu alikuwa nayo, tuliinunua, ilikuwa mezani karibu na chumvi. Iliyokosekana ni habari kwamba shingo inaweza kugeuka, na habari hiyo haingoji uwanja wa ndege wa Kavumu ufunguliwe.

Halafu msidhani huku ni peponi. Niliwahi kulazwa siku 19, na kwa siku 19 aliyekuja kuniona ni mtu mmoja, Mnyarwanda tunayefanya naye usafi, alikaa nusu saa na koti mwilini. Wagonjwa wenyeji vilevile: kila mmoja na kitanda chake, televisheni yake, upweke wake. Muuguzi alituma barua kwa familia zetu, njooni Alhamisi jioni mfundishwe namna ya kuishi na mgonjwa wenu. Aliweka viti kumi na viwili. Wakaja watu wanne, mmoja akaondoka mapema kwa ajili ya treni. Nilimwonea huruma, na biskuti zake zile.

Nikawa nafikiria wodi za kwetu. Gadimaladi, ndugu anayemlinda mgonjwa, yuko pale kwenye mkeka tangu alfajiri, na sufuria yake, na kitenge cha kujifunika. Hajaandikiwa barua. Hakuna anayemlipa. Analala chini ya kitanda, anajua mgonjwa amekojoa mara ngapi, amekula vijiko vingapi, usiku amesema nini na ukuta. Huyu muuguzi wangu angeuza baiskeli yake kumpata mtu wa namna hiyo kwa kila mgonjwa. Na sisi tulio naye bure tunamfanyia nini? Tunamtuma famasi kununua glavu. Akiuliza swali tunamwambia angoje nje. Hapo ndipo nachoka na kwetu, na hapo hapo ndipo najivunia kwetu, sijui nifanyeje. Mwanafunzi amekwisha kaa darasani kabla ya mwalimu, usiku na mchana, na tunamfukuza.

Kuna anayesema maneno hayaponyi. Mwaka 2003 huko Barcelona walichapisha utafiti wa watu 120 wenye ugonjwa kama wangu. Wote waliendelea na dawa zao. Nusu walifundishwa katika kundi mara 21: dalili, vidonge, usingizi, nini kinakuangusha. Nusu nyingine nao walikutana mara 21, ila kukaa na kuzungumza tu. Katika miaka miwili ya kuwafuatilia, waliofundishwa walioanguka tena ni 40 kati ya 60. Wasiofundishwa, 55 kati ya 60. Si muujiza, 40 ni wengi. Lakini tofauti ya watu 15 ni basi dogo zima la watoto wa watu. Walimu wa kule walikuwa wanasaikolojia. Kituoni kwangu ni muuguzi, na Bukavu tukisema tungoje mwanasaikolojia afike kila kituo, ziwa litakauka kwanza.

Na wewe unayesema hayo ni ya Wazungu, njoo nikutembeze. Katikati ya mji huu kuna ngome ya mawe, Geraard de Duivelsteen, jina lenyewe lina shetani ndani yake. Humo wanaume wagonjwa wa akili walikuwa wamefungwa minyororo, Wazungu wamefungwa na Wazungu wenzao, mpaka mwaka 1815 Mafrère wa Charité, watawa wa Kikatoliki, walipowachukua. Shirika hilo lilianzishwa hapa hapa Gent mwaka 1807 na padri aliyeitwa Triest. Na ni mafrère hao hao wa SOSAME yetu, hospitali ya wagonjwa wa akili pale Bukavu, wa Tulizo Letu kule Goma, wa kituo cha Docteur Joseph Guislain Lubumbashi. Kwa hiyo ule mnyororo wa chumba cha maombi usiuite utamaduni wetu. Hapa nao walikuwa nao, wakaufungua.

Tena ni SOSAME, mdogo wangu alipofikishwa hatimaye, ambako mtu aliongea na mama kwa mara ya kwanza. Enfirmie mwanaume, si kijana. Alivuta kiti cha plastiki, akaona mama yuko chini kwenye mkeka, akakiacha kiti akachuchumaa. Akamweleza kwa Mashi, lugha ya kwetu. Kwamba mtoto hakulogwa na hakulishwa kitu, kwamba ile shingo ilikuwa dawa na si shetani, kwamba akipona asiache vidonge kwa sababu amepona. Mama alimwuliza maswali mpaka chakula kikapoa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na tikiti ya ndege ya juma lililofuata, naona aibu kwa kitu nisichokijua. Mdogo wangu leo anauza vifaa vya simu pale Nyawera, anameza kidonge chake jioni, anaitania familia nzima. Msiniambie Bukavu haiwezekani.

Sema ilitegemea bahati ya kumkuta yule mzee siku ile. Huku si bahati, ni kazi: imo kwenye ratiba, Jumatano saa nane, na usipofika wanakupigia. Ndicho kinachoniudhi, hata zaidi ya zile sentensi tatu.

Juzi mama akanitumia sauti. Mtoto wa jirani, yule wa nyumba ya bati la bluu, ameanza "kusikia". Wamempa vidonge. Jina alilisoma herufi moja moja kutoka kwenye paketi: ha, lo, pe. Nikakaa jikoni nikamrekodia dakika sita, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. Kwamba aende akae na mama wa yule mtoto, asiende na wengine. Kwamba shingo ikigeuka wasikimbilie maombi, wakimbilie pale walipopewa dawa, mchana au usiku, kuna dawa ya kuifungua, waulize biperidene. Kwamba vidonge wasitupe wenyewe.

Asubuhi nikakuta jibu lake. Nyuma ya sauti jogoo anawika na mtu anafagia.

"Nimesikia, nimeisha kwenda kule. Mama yake anauliza hiyo dawa ya shingo inaandikwa je. Uandike kubwa, hatuna miwani sisi wote wawili."