Kiota cha nyaya juu ya mkungu

Mwaka jana, vuli ilipoanza, kunguru wawili walijenga kwenye mkungu ulio nyuma ya jengo letu, Upanga, Dar es Salaam. Tawi walilolichagua liko hatua chache kutoka dirisha la jikoni kwetu, ghorofa ya tatu. Kwa miaka mingi nimekuwa upande wa wanaosema kunguru hawa wamalizwe. Lakini mtu anayeosha vyombo macho yake lazima yatue mahali, na yangu yalitua kiotani kwa zaidi ya miezi miwili.

Katika muda huohuo mjadala ulikuwa umepamba moto Pwani nzima, tangu Juni 2024, pale Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilipotangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja kabla ya mwaka ule kwisha. Wenye hoteli wa Mombasa, Watamu na Malindi walishangilia. Wengine wakauliza, je, ndege wa watu ana kosa gani? Nilikuwa na jibu la haraka. Kiota kimenifanya nilitafakari upya, ingawa hakikuligeuza lote.

Kwanza tuelewane ni ndege gani. Si yule kunguru mwenyeji, mkubwa, mwenye fulana nyeupe kifuani. Huyu ni mdogo kidogo, mwembamba, shingo rangi ya majivu, na kelele zake hazina likizo. Ni kunguru wa India. Mombasa humwita kurabu, jina lenye asili ya Kiarabu. Huku Dar tunasema kunguru basi, kwa sababu yule mwenye fulana ni nadra siku hizi kumwona katikati ya mji.

Kiota chenyewe hakikuwa cha kujivunia. Chini vijiti vya mwarobaini, juu yake chelewa, kisha nyaya: waya wa kufungia nondo, kipande cha hanga ya nguo, na waya mwembamba wa bluu ambao bila shaka ulitoka kwa fundi wa umeme anayefanya kazi jengo la pili. Ndani walitandika makumbi ya nazi na nyuzi za kiroba. Nilifunga simu kwenye mpini wa ufagio nikapiga picha: mayai manne, samawati iliyoingia ukijani, yenye madoa ya kahawia. Picha ya pili sikuipata. Jike alinirukia, akadonoa simu, nami nikaukubali ujumbe.

Kwa siku kumi na saba hivi jike alilala pale, dume akimletea chakula. Makinda walipoanguliwa, vipara, vinywa vyekundu kama tikiti lililopasuliwa, kazi ikawa ya wazazi wote wawili tangu alfajiri. Mmoja wa wale wanne alitoweka siku za mwanzo. Mdogo kuliko wenzake, sidhani kama aliwahi kushiba. Waliobaki walikua kwa kasi ya kutisha.

Jambo lililonishika zaidi lilitokea asubuhi moja ya jua kali. Dume alikuja na kipande cha chapati iliyokauka kama gamba. Hakukipeleka kiotani. Alitua kwenye bomba la kiyoyozi, pale maji yanapodondoka, akakichovya, akakigeuza upande wa pili, akakichovya tena, akakijaribu kwa mdomo, akaona bado. Alipokichovya mara ya tatu kikalegea, ndipo akapanda kulisha. Nimewahi kumwona mama akimlowekea mtoto mkate kwenye chai kwa uangalifu uleule. Ukishaona hivyo, neno "mharibifu" halikai tena vizuri mdomoni.

Wiki iliyofuata, dume huyohuyo alileta kinda la shore. Lilikuwa halijaota manyoya na lilikuwa bado linachezesha mguu.

Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo, na wanaotetea upande wowote hupenda kuliruka mojawapo ya matukio hayo mawili.

Tuanze na hoja ya wanaotaka auawe, kwa sababu ni nzito kuliko wapenda wanyama wengi wanavyodhani. Kunguru huyu hakufika hapa kwa mbawa zake. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, chini ya Waingereza, ili ale taka za mji. Yaani mkoloni aliona mji mchafu, badala ya kuajiri wafagiaji wa kutosha akaajiri ndege kuwa bwana afya. Kufikia 1917 bwana afya huyo alishatangazwa kuwa mharibifu. Mombasa alionekana mara ya kwanza mwaka 1947, na tangu hapo hakuna mji wa Pwani uliomkosa. Meli ndizo zilizombeba kwingi duniani, kutoka Aden hadi Durban, hata bandari moja ya Uholanzi.

Kule kwao ana wa kumpunguza. India kuna ndege wa jamii ya kekeo, huitwa koeli, ambaye hutaga mayai yake ndani ya kiota cha kunguru, na kunguru hulea mtoto wa mwenzake huku wa kwake wakidhoofika. Koeli huyo hakupanda meli. Huku kwetu mayai manne ni ya kunguru yote manne, na wanaoyalipia ni shore, mnana, chozi na vifaranga wa kuku wa mama wa uani. Mimi nimekulia Tanga, na nakumbuka minana wakining'iniza viota kwenye mnazi wa nyumbani hadi kuti linainama. Mnazi upo. Minana sijawaona hapo kwa miaka.

Kwa hiyo anayesema "tuwaache, ni viumbe wa Mungu" ajibu pia kuhusu shore. Kutofanya lolote nako ni uamuzi, na kuna wanaokufa kwa uamuzi huo. Tofauti ni kwamba hawa hufa kimya ndani ya majani, hakuna anayewapiga picha.

Dini nazo hazitupi njia ya mkato. Waislamu wanaijua hadithi ya viumbe watano ambao si dhambi kuwaua hata ndani ya Haram, eneo takatifu la Makka: kunguru, mwewe, panya, nge na mbwa mkali. Ni hoja iliyotua mezani kwa kishindo kwenye baraza moja niliyokaa. Lakini mzee mmoja pale akakumbusha kwamba katika Sura ya Al-Maida, mwana wa Adamu alipomuua ndugu yake na asijue la kufanya na maiti, aliyetumwa kumfundisha kuchimba ardhi alikuwa kunguru. Na kwa Wahindu, kunguru hulishwa siku za kuwakumbuka wazee waliotangulia. Jirani yangu wa ghorofa ya pili, bibi wa makamo, huweka wali na dengu ukingoni mwa roshani. Sitamwambia kwamba anayekula pale ni mharibifu.

Sasa sumu. Inayotumika huitwa Starlicide, iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya ndege. Huua polepole kwa kuharibu figo. Ndege hula leo, hufa baada ya saa nyingi, mara nyingi akiwa amesharudi kwenye mti anakolala. Wanaoitetea husema, na ni kweli, kwamba huvunjika upesi mwilini, hivyo paka akila mzoga hatari ni ndogo. Husema pia kwamba mtu mwenye ujuzi huweka kwanza nyama safi kwa siku kadhaa, akihakikisha wanaokuja ni kunguru hao tu, ndipo aitie dawa. Sawa. Ila utaratibu huo unahitaji mtu mvumilivu, anayelipwa vizuri na asiyekimbizwa na tarehe ya mwisho wa mwaka. Nyama iliyowekwa ovyo haichagui. Atakula kunguru mwenyeji, atakula na mwewe.

Na kuna jambo ambalo nisingelifikiria bila dirisha lile. Tuseme dume na jike wangu wangeokota nyama ya sumu mwezi ule. Wangefia huko walikofia, na ripoti ingeandika wawili. Makinda watatu wangebaki wameachama juu ya mkungu, siku mbili, pengine tatu. Kama ni lazima kuua, basi hata kalenda ina maadili yake: kutia sumu msimu wa kulea ni ukatili wa ziada usioongeza faida yoyote.

Lakini kilichonihamisha hasa si huruma. Ni njia ya angani ya wale wazazi.

Ukikaa dirishani kwa wiki kadhaa unaanza kuijua kama ratiba ya daladala. Karibu safari zote za chakula zilikwenda upande mmoja: nyuma ya vibanda vya chipsi, kwenye kona ambako taka humwagwa na kusubiri gari ambalo huja likijisikia. Huko ndiko kulikotoka wali, utumbo wa kuku, vichwa vya dagaa, chipsi na ile chapati. Kinda la shore lilikuwa kitoweo cha siku moja. Mlo wa kila siku ulikuwa wetu. Watoto watatu wa kunguru walilelewa na mtaa mzima, nami nikiwemo, maana maganda ya mayai ya Jumapili niliyatambua.

Kunguru huyu haishi porini. Humpati mahali pasipo na watu. Idadi yake haipangwi na mvua wala miti. Inapangwa na jalala. Ukiua nusu yao na jalala likabaki lilelile, waliosalia wana chakula mara mbili, na yule kinda wa nne aliyekufa kwetu kwa kukosa zamu, mwakani ataishi. Haya si makisio yangu ya jikoni tu. Zanzibar walifanya kampeni kubwa miaka ya 1990 kwa msaada wa Finland, wakawapunguza kunguru mjini kwa kiasi ambacho watu walikiona kwa macho. Fedha zilipokwisha kampeni ikasimama, na kunguru wakarudi kujaza nafasi zao.

Mtu atanijibu na Sokotra, na ni jibu zuri. Kisiwa kile cha Yemen kiliwamaliza kabisa mwaka 2009: vijana walitumwa kutoa makinda viotani mwaka baada ya mwaka, kisha wachache waliobaki wakapigwa risasi. Lakini walikuwa wachache tangu mwanzo, na bahari pande zote. Pale kuua kulikuwa na mwisho. Dar es Salaam ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022, na kila mmoja ana mfuko wake wa taka. Huku kuua hakuna mwisho. Ni kodi ya kila mwaka, na mwaka serikali inapokosa pesa unapoteza yote uliyolipa. Ndiyo maana tangazo la milioni moja lilinikera. Si kwa sababu ni wengi mno. Ni kwa sababu lilihesabu mizoga, wakati kipimo chenyewe ni viota vingapi vitajengwa msimu ujao.

Haya hayanifanyi mtetezi wa kunguru. Mahali ambapo ndio kwanza wanaingia, mji mdogo wa bara au kisiwa chenye jozi kumi, ningeunga mkono waondolewe haraka, bila semina. Katika miji mikubwa ya Pwani ningeanza na mapipa yenye mifuniko, machinjio yanayozika utumbo, na gari la taka linalokuja siku iliyosemwa. Kisha viota vitolewe kwa mkono kabla ya mayai. Sumu iwe ya mwisho na mikononi mwa wachache. Najua upungufu wa mpango huu: ni wa polepole, na shore hana muda mrefu wa kusubiri halmashauri. Anayeniambia hivyo ananipiga pabaya, na sina jibu la kumnyamazisha.

Kutoa viota nako si mchezo. Mlinzi wetu alijaribu, makinda wakiwa tayari wana manyoya. Alichokonoa kwa upondo mara mbili, akaacha nilipopiga kelele dirishani. Tangu siku hiyo wazazi walimwinda yeye peke yake. Wapangaji walipita chini ya mkungu salama. Yeye akitokeza tu getini, mmoja anashuka na kumpiga kisogoni. Akabadilisha kofia, wapi. "Bosi, hawa wananijua sura," aliniambia. Nikadhani anatia chumvi, ila watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walishavaa vinyago kuwakamata kunguru wa huko, na wale ndege wakaendelea kuzomea kinyago kilekile miaka kadhaa baadaye. Kumbe ile methali ya kunguru mwoga haikumhusu mwenye watoto.

Makinda wawili waliruka mapema Desemba. Wa tatu alianguka uani, akakaa siku nzima chini ya tangi la maji huku wazazi wakimlisha hapohapo na mlinzi akipitia mlango wa mbele. Siku ya pili hakuwepo. Paka au mbawa, sikuona.

Juzi nimemwona dume, au anayefanana naye, ametua kwenye tawi lilelile na kipande cha waya mdomoni. Mlinzi alikuwa ameshamwona kabla yangu, ameshaleta upondo na helmeti ya bodaboda ya mdogo wake, anasubiri neno langu. Nikamwambia apande leo, kabla hawajataga.