Kateni Misonobari ya Shimba

Najua kichwa hiki kitawaudhi rafiki zangu wapenda mazingira. Serikali ya Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, nami naomba shoka. Lakini naliombea mahali pamoja tu: kwenye misonobari, ile ambayo wengi tunaiita paini, iliyopandwa juu ya Milima ya Shimba kule Kwale, ili msitu wa asili upate kurudi.

Ukiitazama Shimba kutoka Tiwi, kule ufukweni, unaona ukuta wa kijani. Chini yake ni mawe ya mchanga yenye umri wa karibu miaka milioni 200. Udongo wake una mchanga mwingi na rutuba haba, ila mawe hayo hunywa mvua na kuiachilia polepole kwenye chemchemi. Maji ya chemchemi za Marere yanayofika Mombasa yanatoka huko.

Msitu huu uliwekwa chini ya serikali mwaka 1903. Watu hudhani tangu hapo ulilindwa. Kilichobadilika ni nani mwenye ruhusa ya kukata. Palipokuwa na udongo wenye kina ndipo palipoota mvule, mti wa asili wenye mbao za thamani, na ndipo misumeno ilipoelekea. Mbambakofi nao, mti wa milango na fanicha za kifahari za pwani, haukusazwa. Kwa hiyo hunikera kila lawama inapoishia kwa mama wa Kidigo mwenye mzigo wa kuni. Magogo ya mvule hayabebwi kichwani.

Mbona basi hawakupanda mvule tena? Hapa siwalaumu sana mabwana misitu wa zamani. Mche wa mvule hushambuliwa na kidudu kiitwacho Phytolyma. Majani na vikonyo huvimba, kisha huoza. Ukiipanda kwa safu kama mahindi, kidudu hupata karamu. Mvule hupona zaidi ukiota mmojammoja katikati ya miti mingine, na mbegu zake husambazwa na popo. Paini hauna shida hizo: unapandwa kwa mstari, unakua haraka, unahesabika ofisini. Ndivyo tulivyopata mashamba ya mti wa kigeni ndani ya eneo ambalo sehemu yake kubwa ilitangazwa hifadhi ya wanyama mwaka 1968.

Wala si kila uwazi wa Shimba ni kidonda cha ukataji. Palahala, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda ambaye nchini Kenya hupatikana hapo tu, anahitaji nyasi. Wanaokuja na malori ya miche na kamera za televisheni wangeulizwa kwanza kama pale wanapochimba mashimo ni malisho yake.

Kuna hoja moja dhidi yangu ninayoiheshimu: fungua njia ya kukata paini, na usiku mbambakofi utapita njia hiyohiyo. Tumeyaona. Ndiyo maana mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku ukataji wa miti ya asili katika misitu ya serikali, na mwaka 2018 ukataji wote ukasimamishwa hadi Rais Ruto alipoulegeza 2023. Hata hivyo, paini ni mweupe na unanukia utomvu. Mbambakofi ni wa rangi ya kahawia iliyoiva. Askari anayeshindwa kuitofautisha kwenye kizuizi cha barabarani hajashindwa na elimu ya mimea.

Ningeanza na vipande vinavyopakana na msitu wa asili, ambako miti mama inayotoa mbegu iko karibu. Vikatwe kidogo kidogo, mteremko usiachwe uchi wakati wa masika. Mbao ziuzwe kwa mnada wa wazi, maseremala wa Kwale wapewe nafasi ya kwanza. Wazee wa kaya, yaani walinzi wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda, waitwe mezani mapema, kabla mpango haujaandikwa. Misitu yao iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na waliitunza bila leseni ya mtu. Baada ya hapo pang'olewe miche ya paini inayochipua, moto udhibitiwe, na popo waachiwe kazi yao.