Tiketi Imefungwa!

Bandugu wa kompyuta, hivi kuna siri gani hapa? Congo ina kanda mbili za saa. Kinshasa ikiwa saa mbili asubuhi, sisi Lubumbashi ni saa tatu. Hata mtoto anayeuza maji pale Kenya anajua. (Kenya ya kwetu, mtaa, si nchi.) Ila wenye programu ya risiti hawajui: ukichagua Congo unapewa Kinshasa, basi. Na mji wetu umo kwenye orodha ya kanda za saa za dunia, Africa/Lubumbashi. Tuwachoree?

Nikaandika. Picha nikatuma, mstari wa programu wenye kosa nikaonyesha, hata dawa yake nikawapa bure. Jibu likaja kwa sekunde tatu: "Asante, maoni yako ni muhimu kwetu." La mashine! Kisha kimya. Kimya cha makaburini. Miezi minne baadaye, kuhusu lalamiko langu (wao wanaliita tiketi): "Tiketi imefungwa kwa kukosa shughuli." Shughuli ya nani? Nicheze ngoma?

Wiki hiyohiyo toleo jipya likatoka. Wamebadilisha rangi ya kitufe.

Leo mama wa duka la dawa kaninyooshea risiti usoni. "Mwanangu, mimi nafungua saa mbili. Karatasi inasema tumeuza saa moja na nusu. Nani alikuwa dukani mwangu?"